Harry Ricardo, Mzee wa Silinda Hedi

Katika ukurasa huu wa wasifu tumezoea kusoma habari za washairi, wapigania uhuru na marais. Sina ugomvi nao hata kidogo. Lakini mwaka huu nimemwomba mhariri aniachie nafasi nimlete mtu ambaye hakuongoza nchi wala hakusimamishiwa sanamu katika miji yetu. Wahandisi wa dunia nzima wanamjua. Wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake, ingawa huenda kazi yake ndiyo iliyowafikisha hapa shuleni siku ya kufungua.

Kilichonifanya nimchague ni masaibu ya mjomba wangu. Mjomba anakaa Nakuru na ana pikapu ya Peugeot 504 ambayo imenizidi umri mara mbili. Peugeot 504 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na mjomba ni mmoja wa wale ambao hawajasahau. Pikapu yake lakini haishindani na mtu. Inabeba viazi kutoka Molo kupeleka Nairobi, na karo ya binamu zangu hutoka humo. Basi siku moja akaingiwa na tamaa ya nguvu. Alichoka kupitwa na kila gari katika mlima wa Mai Mahiu. Fundi mmoja, ambaye jina lake nitalimeza, akamshauri hedi ikwanguliwe ili injini ibane zaidi, akaikwangua kwelikweli. Kwa majuma mawili pikapu ilipaa. Juma la tatu, katikati ya mlima, tukasikia injini inagonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Nilikuwa nimeketi kando ya mjomba. Hatukufika juu. Ilipofunguliwa tukakuta pistoni moja ina tundu ambalo ningeweza kupitisha kidole gumba, na hedi yenyewe imeliwa pembeni.

Mjomba akakopa. Tukashuka Nairobi hadi Kirinyaga Road, kule kwa wauza spea, tukaonyeshwa hedi mbili. Moja ilisemekana imetoka kwenye gari la mashindano, njia zake za hewa zimechimbwa zikawa pana kama mdomo wa kiboko. Ya pili ilikuwa ya kawaida, haijakwanguliwa. Bei zilikaribiana. Pesa za kukosea mara ya pili hazikuwepo. Mjomba akaomba siku chache za kufikiri, akanitania kwamba mimi ninayesoma Fizikia nikamwulizie mwalimu ipi ni ipi. Kumbe mwenyewe hakuwa anatania sana. Mwalimu wetu wa Fizikia hakunijibu. Alinipa habari za Ricardo nikasome, akaenda zake kufundisha Kidato cha Pili.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa walinzi wa lugha. Najua Kiswahili sanifu kingependa niseme kifuniko cha silinda. Lakini ukienda kwa mafundi ukaomba kifuniko watakufungulia boneti. Kwa hivyo nitasema hedi, kama wasemavyo wao. Hedi ni lile pande la chuma au alumini linalokaa juu ya silinda. Pistoni ikipanda huubana mchanganyiko wa hewa na petroli chini ya hedi, plagi inawasha, na moto unaisukuma pistoni kwenda chini. Pale chini ya hedi, katika nafasi ndogo isiyozidi kikombe, ndipo Ricardo alipopatumia maisha yake.

Harry Ralph Ricardo alizaliwa London tarehe 26 Januari 1885, kifungua mimba katika familia ya watoto 3. Baba yake, Halsey Ricardo, alikuwa msanifu wa majengo. Mama yake, Catherine, alikuwa binti wa Sir Alexander Rendel, mhandisi mkubwa wa siku zile. Huyu babu alikuwa mhandisi mshauri wa reli za India na, hapa Mkenya ategee sikio, wa Reli ya Uganda pia, ile iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896 ikafika Kisumu 1901. Niliposoma hivyo nilipigwa na butwaa. Mtu niliyedhani hatuhusu ndewe wala sikio, kumbe babu yake ana mkono katika njia inayopita hatua chache kutoka kwa mjomba!

Mwaka wa 1898 babu huyo alinunua motokaa. Wakati huo Waingereza waliopata kuona motokaa kwa macho yao walikuwa wachache. Harry alikuwa na umri wa miaka 13, na kuanzia hapo moyo wake ukawa umeshatekwa. Alisoma katika shule ya Rugby, na mwaka wa 1903 akaingia Trinity College, Cambridge, kusomea uhandisi. Familia ilitazamia kwamba atajenga madaraja, arithi ofisi ya babu.

Huko Cambridge, mwaka wa 1904, chama cha magari cha wanafunzi kiliandaa shindano. Kila mshindani alipewa robo galoni ya petroli, yaani lita 1 na kidogo, na aliyekwenda mbali kuliko wote ndiye bingwa. Akili ya kawaida ilisema tafuta pikipiki nyepesi yenye injini ndogo. Ricardo alikuja na pikipiki aliyoijenga mwenyewe, nzito kupita zote, na silinda yake kubwa kupita zote. Nadhani walimcheka. Alikwenda kilomita 64 hivi akawaacha wote. Hapo ndipo profesa Bertram Hopkinson alipomwona, akamshawishi aachane na madaraja ajiunge naye katika uchunguzi wa injini.

Hopkinson alikuwa akichungulia jambo lililowasumbua wote waliotengeneza injini: ule mgongo. Ndiyo, ule uleule wa mlima wa Mai Mahiu. Wengi waliamini injini inagonga kwa sababu petroli imewaka kabla ya plagi kutoa cheche, ikiwashwa na kitu chenye moto mkali ndani ya silinda. Hopkinson aliona kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, na Ricardo baadaye akalithibitisha kwa majaribio ya miaka mingi. Nitaeleza kwa mfano wa nyumbani. Mkulima akichoma majani makavu ya shamba, moto huanza upande mmoja ukatembea. Majani ya mwisho, kabla moto haujayafikia, hupata joto, hukauka, husubiri. Shamba likiwa pana na siku ikiwa na joto, yale ya mwisho yanaweza kulipuka yote kwa pamoja. Ndani ya silinda ni vivyo hivyo. Plagi inawasha upande huu, moto unatembea, na mchanganyiko wa mwisho kule pembeni unazidi kubanwa na kupashwa joto mpaka unalipuka wenyewe kwa mkupuo. Mlipuko huo ndio unaosikika kama misumari kwenye kopo, na ndio unaotoboa pistoni. Kadiri injini inavyobana zaidi ndivyo hatari inavyozidi. Mjomba alikuwa amekopa pesa ili ainunue hatari hiyo.

Ricardo alihitimu mwaka wa 1906, akaendelea na Hopkinson kwa mwaka mmoja, kisha akaingia ofisi ya babu kama ilivyotarajiwa. Lakini jioni na usiku alichora injini. Binamu yake mmoja alianzisha kampuni katika mji mdogo wa Shoreham, pwani ya kusini ya Uingereza, kutengeneza gari lililoitwa Dolphin kwa injini ya mipigo miwili aliyoibuni Harry. Kampuni ilikufa baada ya miaka michache. Injini chache ziliishia katika mashua za wavuvi, na inasemekana zilifanya kazi vizuri humo. Mwaka wa 1911 alimwoa Beatrice Hale, aliyekuwa amesomea uchoraji, wakajaliwa mabinti 3. Mwaka wa 1915 akaanzisha kampuni yake mwenyewe.

Ikaja vita. Sipendi sana habari za vita katika wasifu, maana waandishi hunogewa wakasahau waliokufa. Lakini hii siwezi kuiruka, kwa kuwa ndipo Ricardo alipojulikana. Vifaru vya kwanza vya Waingereza, vilivyoingia vitani mwaka wa 1916, vilitumia injini ya Daimler ya nguvu za farasi 105. Ilikuwa haitoshi kuburuza tani 28 za chuma matopeni. Ubaya zaidi, ilitoa moshi mwingi wa oili. Adui aliuona moshi ukipanda nyuma ya kichaka, akajua pa kuelekeza mizinga. Wanajeshi walikufa kwa sababu ya moshi wa injini yao wenyewe.

Ricardo akapewa kazi ya kubuni injini mpya, na masharti yake yalikuwa ya kumfunga mtu mikono. Asitumie alumini wala chuma cha pua cha hali ya juu, kwa sababu vyote vilikuwa vya ndege. Petroli nzuri pia ilikuwa ya ndege, kwa hivyo injini ikubali petroli hafifu. Isitoe moshi. Iwe na nguvu zaidi, lakini iingie katika nafasi ileile. Aliketi akabuni injini ya silinda 6, nguvu za farasi 150, yenye pistoni za aina ya pekee ambazo hazikuruhusu oili kupenya juu na kuungua. Ikatiwa katika kifaru cha Mark V, kilichoingia vitani mwaka wa 1918. Nikisoma orodha ile ya masharti nilimkumbuka fundi wa jua kali anayeambiwa atengeneze gari kwa vipuri visivyokuwepo. Tofauti ni kwamba Ricardo alijua kwa nini kila kitu kilikuwa pale kilipokuwa.

Agosti mwaka huohuo wa 1918, Hopkinson, mwalimu wake, alikufa akirusha ndege katika hali mbaya ya hewa. Alikuwa na miaka 44. Ricardo alikuwa amepoteza mtu aliyemwonyesha njia, na vita vikaisha baada ya miezi michache, na maagizo ya injini za vifaru yakaisha navyo. Alinunua kiwanja Shoreham, palepale Dolphin ilipofia, akajenga karakana iliyoitwa Bridge Works. Ilianza kazi mwaka wa 1919.

Sasa nimefika nilikokuwa nikienda.

Motokaa nyingi za watu wa kawaida siku zile zilikuwa na vali za ubavuni. Maana yake, vali hazikukaa juu ndani ya hedi kama za siku hizi. Zilikaa ndani ya bloku kando ya silinda, zikitazama juu. Hedi yenyewe ilikuwa kipande cha chuma tu, hakina kitu ndani ila plagi na njia za maji. Ilikuwa rahisi kutengeneza, rahisi kufungua, na hata mkulima aliweza kuondoa masizi mwenyewe Jumamosi alasiri. Lakini injini hizo zilikuwa dhaifu. Nafasi ya kuwakia moto ilikuwa pana na bapa, imetandazwa juu ya pistoni na juu ya vali kama chapati. Moto ulisafiri mbali, ukasafiri polepole, na mchanganyiko wa mwisho kule ng'ambo ulipata muda wa kutosha wa kulipuka. Haikuwezekana kubana zaidi ya mara 4 hivi. Ukibana zaidi, inagonga. Wahandisi wengi walikuwa wameshakata tamaa na vali za ubavuni, wakasema anayetaka nguvu na anunue injini ya vali za juu, yenye gharama.

Ricardo aliitazama ile chapati. Aliona kwamba sehemu iliyo juu ya pistoni haihitajiki. Akaishusha hedi pale mpaka pistoni ikifika juu inakaribia kuigusa, unabaki uwazi mwembamba tu. Nafasi yote ya moto akaisukuma upande wa vali, na plagi akaiweka humo karibu na katikati. Mambo matatu yakatokea kwa mpigo mmoja. Kwanza, moto haukuwa na safari ndefu tena. Pili, ule mchanganyiko wa mwisho, mkorofi wetu, ukabaki katika utando mwembamba kati ya vyuma viwili vinavyoupoza, ukakosa joto la kulipukia. La tatu ndilo lililoipa hedi hiyo jina. Pistoni inapomalizia kupanda, mchanganyiko uliokuwa juu yake hubanwa ukafyatuka kwa kasi kuingia kule kwenye nafasi ya moto, kama maji yanavyoruka kando ukikanyaga kidimbwi. Humo ndani panakuwa na msukosuko, na moto katika msukosuko hutembea upesi. Mchoma majani yeyote anajua shamba linavyowaka upepo ukivuma.

Hedi ya msukosuko, ndivyo ilivyojulikana. Aliiwekea hataza mwaka wa 1919. Sijui kama wasomaji wenzangu wanaona ajabu ninayoiona mimi. Haikuwa na kipuri kimoja kilichozidi. Hakuna vali iliyoongezwa, hakuna kamshafti mpya, hakuna chuma ghali. Ni umbo la shimo tu lililobadilika ndani ya kipande kilekile cha chuma. Injini ya vali za ubavuni ikaweza kubana zaidi bila kugonga, ikatoa nguvu zilizokaribia kabisa za injini za vali za juu za wakati ule, na petroli ikapungua. Gari la mwalimu wa shule likaweza kupanda mlima.

Kuna wanaodhani aliyefanya hivyo hakujua njia nyingine. Alijua, tena sana. Miaka ya 1921 na 1922 kampuni ya Triumph ilitoa pikipiki iliyobuniwa kwake, hedi yake ina vali 4 kwa silinda 1. Mwaka wa 1922 aliibunia kampuni ya Vauxhall injini ya gari la mashindano, lita 3, silinda 4, kila silinda vali 4 na kamshafti mbili juu. Ilitoa nguvu za farasi 129 kwa mizunguko 4,500 kwa dakika, na ikashika nafasi ya tatu katika mashindano ya kisiwa cha Man mwaka huo. Mtu angeonyeshwa michoro ile leo angedhani ni ya gari la juzi.

Basi mtu huyohuyo, katika miaka ileile, mkono mmoja anachora hedi ya vali 4 na mkono mwingine anachora kipande cha chuma chenye shimo. Hapo nilikaa nikafikiri sana. Injini ya mashindano huishi kwenye mizunguko ya juu. Huko juu hewa inatakiwa kuingia nyingi kwa muda mfupi, kwa hivyo vali ziwe nyingi na njia ziwe pana, hata kama injini inakuwa zembe chini. Gari la barabarani huishi chini. Linasimama kwa polisi, linaondoka, linapanda na mzigo kwa gia ya pili. Huko chini, njia ya hewa ikiwa pana mno, hewa inapita kwa uvivu, petroli haichanganyiki vizuri, silinda haijai, na msukosuko ambao Ricardo aliutafuta unapotea. Kila hedi ina mahali pake pa kuishi, na Ricardo alianza kwa kuuliza gari litaishi wapi na litakunywa petroli gani.

Habari ya petroli nayo ina kisa. Siku zile petroli ilipimwa ubora kwa uzito wake; iliyokuwa nyepesi ndiyo iliyohesabiwa nzuri. Kampuni ya Shell ilimpa Ricardo kazi ya kuchunguza, naye pamoja na wenzake Henry Tizard na David Pye wakajenga injini ya majaribio iliyoweza kubadilishwa kiasi cha kubana huku inazunguka. Unaiongeza kidogo kidogo mpaka inagonga, unaandika, unajaribu petroli nyingine. Wakagundua kwamba uzito hausemi lolote. Petroli ya Borneo, iliyokuwa ikichomwa ovyo kule mwituni kwa kuonekana nzito mno, ilikuwa miongoni mwa zilizostahimili kubanwa kuliko nyingi zilizosifiwa. Mpango wao wa kuzipanga petroli kwa kuzilinganisha na toluini ulikuwa mtangulizi wa namba ya okteni tunayoisikia leo.

Hedi ile ilipopata sifa, iliigwa. Kampuni nyingi zililipa haki ya kuitumia, nyingine hazikulipa. Ricardo alikuwa mpole kwa tabia, lakini alilazimika kwenda mahakamani dhidi ya kampuni moja kubwa ya magari ya kwao, na akashinda. Nakiri sehemu hii sikuipenda kuisoma. Mawakili wakiingia, injini inatoka.

Mwaka wa 1931 alihamia dizeli kwa kishindo. Dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta hudungwa ndani ya hewa iliyobanwa ikawa moto mkali. Shida ilikuwa kuyachanganya upesi. Ricardo akachimba ndani ya hedi kijichumba cha mviringo, hewa ikisukumwa humo inazunguka kama kimbunga, na mafuta yanadungwa katikati ya kizunguzungu hicho. Kampuni ya AEC ikaitia katika mabasi ya London. Kijichumba hicho aliita Comet. Wazo la kizunguzungu ndani ya hedi likaenea mpaka Ujapani, na zile Hiace za dizeli zenye injini za 2L na 3L, zilizotubebea wazazi wetu miaka ya matatu za kubanana, zilikuwa na vijichumba vya aina hiyo. Kila fundi wa Kenya aliyewahi kubadilisha hedi iliyopasuka ya 2L amekishika kijichumba hicho kwa mkono, pengine akikilaani.

Yaliyobaki nitayapita mbio. Mwaka wa 1929 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Vita vya pili vilimkuta akishughulika na injini za ndege. Mwaka wa 1948 mfalme akampa cheo cha Sir. Vali za ubavuni zenyewe zilikuwa zinaaga. Petroli ilikuwa imeboreka, injini zikabana zaidi, na umbo lile likashindwa kupumua. Ford wa Uingereza aliendelea kuzitumia katika gari lake la bei nafuu hadi mapema miaka ya 1960. Lakini ule uwazi mwembamba kati ya pistoni na hedi haukwenda nazo kaburini. Ulihamia katika hedi nyingi za vali za juu, na mafundi wanaojua bado wanaupima kwa makini.

Mwaka wa 1968 alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Aprili 1974, akiwa kijijini Graffham, alianguka akavunjika mguu. Aliaga dunia tarehe 18 Mei 1974, mwenye umri wa miaka 89. Karakana ya Shoreham ilibaki na jina lake.

Likizo ilipofika nilimpelekea mjomba maelezo yangu, kurasa saba, na mchoro wa shamba linaloungua. Hakuzisoma zote. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Kisha aliniuliza mambo mawili tu: pikapu yake inazunguka mizunguko mingapi ikipanda na magunia, na ile hedi pana inaanza kuamka wapi. La kwanza tulilikadiria. La pili, muuzaji mwenyewe hakuwa na jibu.

Alinunua ile ya kawaida. Lakini hakuiacha hivi hivi. Fundi mwingine, mzee mmoja mtaratibu, alitufundisha kuilaza hedi kichwa chini, vali na plagi zikiwa mahali pake, na kujaza kila kishimo mafuta ya taa kwa sirinji ya duka la dawa, huku tukihesabu mililita. Vishimo vitatu vililingana. Cha nne kilikuwa kidogo kuliko vingine. Mtu aliwahi kukichomelea akaacha nundu. Mzee aliipunguza nundu kwa tupa, taratibu, tukapima tena, akapunguza, tukapima, hadi saa kumi na mbili jioni. Uso wa hedi aliukwangua kiasi cha kuunyoosha tu, asiongeze kubana. Gasketi ilikuwa mpya.

Tuliupanda mlima wa Mai Mahiu Jumanne asubuhi na magunia 12 ya viazi. Matatu zilitupita. Mjomba alikuwa amezima redio na kufungua dirisha, shingo imeinama upande, anasikiliza. Alipofika juu, karibu na wauza kondoo, alibadilisha gia akaiwasha redio.